Mfumo Hausomi

"Hivi mayu Minza, mtu akizikwa bila cheti, amekufa au hajafa?"

Valeria, jirani yake, aliuliza huku akicheka. Minza hakucheka. Shemeji yake Ngassa, aliyeshika sepetu siku ile wakimzika mume wake, sasa aliwaambia wazee wa ukoo kwamba bila cheti cha kifo kaka yake yuko safarini tu, na yeye Ngassa atamtunzia ng'ombe wake mpaka arudi. Wazee wakaitikia kwa vichwa: karatasi ni karatasi. Na watoto wa Minza walikuwa wakiishi kwa maziwa ya ng'ombe hao.

Basi alfajiri akasali, akafunga michembe ya viazi vilivyokaushwa kwenye kanga, akatembea kutoka Sapiwi hadi Bariadi. Stendi hakuna bodaboda aliyemwita. Kwenye korido ya ofisi ya vizazi na vifo hapakuwa na foleni. Benchi la wateja mchwa walikuwa wamelimaliza, na mbuzi wawili walimpisha kwa heshima kama wahudumu.

"Mwadila, mayu," alisalimia afisa Lusajo kwa Kisukuma chake cha Mbeya. Shati amechomekea, tai shingoni.

"Nimekuja tena, baba. Kile cheti."

"Mfumo hausomi. Njoo kesho."

"Kesho ipi? Si ndiyo hii uliyoniambia?"

"Mama, usinifundishe kazi. Mtandao ukirudi tutakuita."

Minza akafungua kanga. Lusajo alikula bila kunawa, macho kwenye kompyuta iliyojaa vumbi.

"Andika kwa mkono, mwanangu. Kalamu unayo, muhuri huo hapo."

"Bila idhini ya makao makuu? Unataka nifukuzwe?"

"Na nani?"

"Wakubwa. Tena mimi nasubiri uhamisho, faili langu lazima liwe safi."

Minza alimtazama vile anavyowatazama wagonjwa anaokwenda kuwaombea. Kisha akawakumbuka watoto, na Ngassa akiswaga ng'ombe kwenda kwake.

"Lusajo mwanangu," alisema polepole, "huu mwaka wa tatu tangu Dodoma na Dar ziwe majivu. Wakubwa hakuna. Mshahara hakuna, serikali hakuna, na mji huu mzima umebaki wewe peke yako. Gonga muhuri, baba."

Lusajo akachungulia jua dirishani kukadiria saa, akautia muhuri mfukoni, akatoka kwenda chai.