Nguo za Kutokea

"Hebu nyanyua hilo," msimamizi alisema, akionyesha bonge la makaa ya mawe kando ya geti. "Tunapoteza muda tu."

Hosea Pettiway aliweka kifurushi chini, akalibeba bonge mpaka kifuani, akalirudisha taratibu. Alikuwa na miaka arobaini na ushee, kidevu kimeshaota mvi, lakini Tarver, mzungu aliyesimamia ile kambi ya wafungwa wa mgodini, alimwita boi. Alabama ya siku hizo mtu mweusi alikuwa boi mpaka azikwe.

"Unamlimia nani, boi?"

"Najilimia mwenyewe, bosi. Kashamba kadogo tu."

"Safi sana," Tarver alisema, na kweli alionekana kufurahi.

Ndani ya kifurushi mlikuwa na suruali, shati lililopigwa pasi na mkate wa mahindi. Vyote vya mdogo wake, Lucius, aliyekamatwa mwaka juzi akitembea kando ya reli bila kazi. Ndiyo, hilo lilikuwa kosa. Utumwa ulikuwa umepigwa marufuku, isipokuwa kwa mfungwa, na wakubwa waliipenda mno hiyo "isipokuwa". Serikali iliwakodisha wafungwa kwa wenye mgodi, na wenye mgodi wakawatumia mpaka wakaisha. Aliyekufa alifukiwa nyuma ya matanuri ya kuchomea makaa, polisi wakaenda kuokota mwingine. Nani alikuwa nani, hakuna aliyejali, mradi idadi itimie jioni.

Hosea hakuwa amelala vizuri tangu mdogo wake achukuliwe. Mama yao alikufa Lucius akingali ananyonya, na yeye ndiye aliyembeba mgongoni mpaka akajua kutembea. Alitaka jambo moja tu duniani, amrudishe nyumbani akiwa hai. Basi wiki iliyopita mtu mmoja aliyetoka kambini akamletea ujumbe: Jumamosi natoka. Niletee nguo. Njoo mwenyewe kaka, usimtume mtu.

Tarver alizipeleka nguo ndani. Hosea akabaki juani, akimwomba Mungu hawa watu wasije wakageuza maneno. Aliwajua.

Geti lilifunguliwa. Lucius akatoka, shati likimpwaya, anakohoa mpaka anajikunja. Hosea alimkumbatia na kulia waziwazi mbele ya wazungu, bila haya yoyote.

"Umekwisha, mdogo wangu. Haya, twende. Shemeji yako kakupikia viazi vitamu, ukale, ulale."

"Watoto hawajambo?"

"Hawajambo. Wanakuulizia kila siku, wananichosha."

"Nitawaangalia, kaka."

Hosea akacheka huku akifuta machozi. "Wewe? Jiangalie mwenyewe kwanza, na hiyo mifupa."

Lucius hakucheka. Walinzi wawili walikuwa wamesogea, mmoja kashika mnyororo wa miguu. Hosea aliwapisha kwa adabu, akidhani wanapita kwenda kazini, kisha akamshika mdogo wake mkono waanze safari.

Lucius aliutoa mkono wake polepole. Akamgeukia Tarver, macho chini.

"Huyo hapo, bosi. Mapafu yake mazima. Sasa niache niende, kama tulivyopatana."