Aliyekuwa Ndani ya Kigugu

Kicheko kilipenya tena ukutani, na mjane aliyekuwa akikunja mashuka ya marehemu mumewe akaacha kukunja.

Upande wa pili wa ukuta Kamanda, kama alivyojiita mtandaoni, alikuwa hewani. Kila Jumamosi mchana aliwasha kamera na kipaza sauti, akachambua "Warithi wa Falaki", zile filamu za wafalme wa sayari zisizojua kwisha. Waliozitazama utotoni sasa wanazitazama na watoto wao. Wafuasi wake walikuwa wengi kama siafu, na hawakumfuata kwa ajili ya uchambuzi. Walimfuata kwa ajili ya Kigugu.

Kigugu alikuwa mpishi wa chombo cha Malkia, jitu refu la kijani lenye vidole vitatu na kigugumizi. Katika filamu ya tatu aliwafungulia maadui lango kwa ujinga wake, Malkia akauawa. Mashabiki hawakumsamehe. Kamanda aliiga mwendo wake, akaiga kigugumizi chake, kisha akamalizia kwa swali lile lile: "Jamani, ni mpumbavu gani aliyekuwa ndani ya lile vazi?"

Hakuna aliyejua. Jina lake halikuandikwa popote. Mjane alijua, kwa sababu alilala naye kitanda kimoja tangu siku ya harusi.

Mumewe alikuwa kijana mwembamba, mrefu, mwenye ndoto zake, alipolivaa vazi lile. Alidhani atashangiliwa. Badala yake mtaa mzima ulimcheka Kigugu, na katika filamu iliyofuata wakamuua mapema tu, watazamaji wakapiga makofi. Yeye alikuwa mle mle ukumbini, kiti cha nyuma. Alirudi nyumbani akameza donge lake, akajifunza ufundi wa majokofu, akamwapisha mkewe asimwambie mtu, hata wa nyumbani. Hakuigiza tena.

Alipougua, kitanda chake kilikaa ubavuni mwa ukuta ule. Kusema haki, Kamanda hakuwa mtu mbaya. Alimletea mgonjwa uji, alisaidia kumgeuza. Lakini Jumamosi ikifika, Kigugu alikuwa halali yake.

"Nikamwambie?" mke aliuliza siku moja.

"Mwache." Mgonjwa aliangalia dari. "Ana sauti nzuri, yule. Unasikia anavyowashika watu?"

"Anakucheka wewe."

"Hajui. Mwache ale riziki yake."

Alikata roho Jumamosi, Kigugu akiwa katikati ya kuchekwa. Mke aligonga ukuta kwa ngumi, na Kamanda akaja mbio, jasho la kuigiza likiwa bado usoni. Alilia sana. Siku ya mazishi alibeba jeneza upande wa mbele. Machozi yale mjane hakuyataka, na jeneza lile angeweza angelibeba peke yake.

Alikaa na hasira yake kama mtu aliyefukia kaa la moto kwenye majivu, akisubiri upepo.

Upepo ulikuja. Kamanda alitangaza onyesho kubwa ukumbini, mbele ya watu, na akatoa mwito: anayemjua mtu wa Kigugu aje na ushahidi. "Tumtaje hadharani, tumcheke kwa jina lake."

"Mchimba kisima huingia mwenyewe," mjane alijisemea, akafungua kabati.

Ukumbi ulijaa vijana waliojipaka rangi ya kijani. Mzee mmoja alipanda jukwaani akadai kwamba Kigugu ni yeye. Akaambiwa atembee, akatembea kama bata, wakamzomea mpaka akashuka. Kisha mjane akasimama, akapanda ngazi polepole, mkoba kifuani.

Kamanda alipigwa na butwaa kidogo, halafu akatabasamu. "Mama! Na wewe umeingia mambo ya sayari?"

"Leo tu."

Akatoa glavu ya mpira, ya kijani, yenye vidole vitatu. Kidole cha kati kilikuwa kimeshonwa kwa uzi mwekundu. Walioketi mbele wakasimama waone vizuri. Hakuna shabiki asiyeujua mshono ule. Unaonekana Kigugu anapovuta komeo la lango, na watu wamebishana miaka kama ni kovu au ni alama ya ukoo.

"Ni kovu?" Kamanda aliuliza, sauti imemshuka.

"Ni uzi wangu. Kilichanika, na mwenyewe hakujua kushika sindano."

"Kumbe ulikuwa unamjua! Yuko wapi?"

"Amekufa."

"Lo. Na uchambuzi wetu, aliwahi kuusikia?"

"Hakukosa Jumamosi hata moja."

Hapo mlangoni, kabla ya kuingia, mjane alikuwa amesita. Alikaribia kugeuza njia na kurudi nyumbani. Hata sasa angeweza kushuka na glavu yake. Alimtazama Kamanda, akampa nafasi ya kuinamisha kichwa.

Kamanda aliugeukia umati. "Mmesikia? Kigugu alikuwa mfuasi wetu!" Kisha akaburuta mguu, akagugumiza: "Ni-ni-nimejiunga, jamani."

Watu wakaangua kicheko, wengine wakishika mbavu. Kicheko ni kile kile, ila safari hii hapakuwa na ukuta. Mjane hakufikiria tena kushuka.

"Haya, mama," Kamanda alisema, akifuta machozi ya kucheka, akamsogezea kipaza sauti mdomoni. "Tupe jina lake. Dunia nzima ilijue."

"Unalijua," mjane alisema taratibu, ili kila mtu asikie. "Ndilo linalofuata lako. Nilikufundisha mwenyewe kuliandika."