Mapigo Mia Moja Sabini

Kavetsa hajafika hata Makina, saa ikaanza kumtetemekea mkononi. Mapigo mia moja sabini. Mazoezi makali mno, ikaandika, pumzika.

Makali gani, jamani? Alikuwa anatembea tu, mfuko begani, akitoka kwake Sarang'ombe kwenda kazini Gatina, njia aliyoizoea miaka minne. Kifua kilimbana kidogo, ndiyo. Na ganzi ya mkono wa kushoto ilikuwa ya kufua. Mtu aliyekamua mablanketi jana kutwa atakosaje ganzi?

Yeye na mumewe Wepukhulu, fundi wa mbao, walikuwa wamegombana juu ya hilo hilo wakinywa chai.

"Mama Phanice, wewe unajua uchovu," alimwambia. "Hiyo saa inajua moyo."

Akamjibu kwamba mwili ni wake, anausikia vizuri kuliko kidude cha dukani. Lakini ukweli ni kwamba aliogopa. Moyo ukigoma, Phanice na mdogo wake watabaki na nani?

Akaongeza mwendo ili asifikirie. Saa ikatetemeka tena. Akasimama kwenye kibanda cha mboga, akajifanya anachagua nyanya, lakini namba zikakataa kushuka.

Ndipo simu ikalia. Daktari ameziona namba za wiki nzima na hazijampendeza; saa nne kamili, kliniki ya Gatina, bila kukosa. Sauti iliyompasha habari ilijaa hofu kuliko ya Kavetsa mwenyewe.

Sasa alikimbia. Alifika amelowa jasho, akaivua ile saa na kuitia mfukoni, hataki hata kuiona. Vipimo vilichukua saa nzima. Akakaa kwenye benchi, akasimama, akakaa tena, midomo ikimwomba Mungu kimyakimya.

Mwishowe mlango ukafunguliwa, daktari akatokeza akitabasamu.

"Huu moyo ni wa msichana," alisema. "Hauna shida yoyote. Kasoro iko kwenye saa."

Kavetsa alitaka kucheka na kulia kwa pamoja. Si alisema? Ganzi ni ya kufua tu, basi.

Nyuma ya daktari akatoka Wagaki, mwenye ploti ya nyumba za kupangisha ambaye Kavetsa humfulia nguo, aliyeamriwa na daktari kutembea hatua elfu kumi kila siku, bado anafunga vifungo vya blauzi. Akamshika Kavetsa mkono, akamnong'oneza sikioni.

"Kesho unaponitembezea hiyo saa yangu nipate hatua, nenda pole pole, mama Phanice. Nusura uniue kwa hofu."