Foleni ya Uji

Kwa miaka kumi na mmoja Bi Mishi aliiendesha nyumba yake ya kuwasaidia maskini kwa mafunzo aliyoyapata katika vitabu vya wanafalsafa wa ng'ambo. Asubuhi hiyo, mwili umemchoka, aligawa uji huku kitabu kimelala wazi mezani.

"Kinasema nini, Bibi?" aliuliza Chausiku, mjane aliyefika mbele ya foleni.

"Kwamba maskini asaidiwe bila kudhalilishwa."

"Aliyekiandika aliwahi kupanga foleni kama hii?"

Bi Mishi alimkabidhi Chausiku upawa, akachukua bakuli, akatoka nje kusimama nyuma ya mtu wa mwisho. Hakuna aliyemsemesha. Jua lilimchoma kisogoni, na mlango wa nyumba yake mwenyewe ulionekana mbali sana.