Maji ya Kituoni

Sheria ilikuwa wazi: mpimaji wa maji huhamia na familia yake kwenye kiwanja anachokipima, wakanywa maji ya kisima cha hapo hapo, na hawaondoki mpaka yawe safi. Ndiyo maana Mwantumu alimlea binti yake Shani kwenye kituo cha mafuta kilichokufa zamani, juu ya matangi yaliyooza na kuvuja.

Kila asubuhi aliteka maji, akayanusa. Petroli. Kwenye chai akazidisha tangawizi.

Asubuhi moja hakusikia harufu yoyote. Bila hata kusubiri vipimo, akampigia simu mdogo wake Hidaya aje kuwasaidia kufunga mizigo.

Hidaya alifika na dumu la maji safi ya kwao, ya kunywa njiani. Mlangoni akaziba pua kwa khanga.

"Dada, mnalalaje humu?"

Mwantumu alimimina maji ya dumu la Hidaya kikombeni, akampa Shani. Mtoto akapiga funda, akakunja uso, akayatema.

"Mama, haya yameoza."

Mwantumu akakichukua kikombe amwonyeshe mwanawe kwamba amekosea. Akayajaza mdomoni, na kumeza kukamshinda.