Meza ya Ndoo

Jirani, Mama Tunu, anadai kwamba siku ile kisimani Bi Raha aliomba atwikwe ndoo mara tatu, na kila mtu akasema ana haraka. Akajitwika mwenyewe, akateleza, akafa palepale. "Na wewe, Siwema, ulikuwepo," humalizia.

Siwema, fundi seremala, hajawahi kukana. Sasa anataka kujenga meza pale kisimani, ili mtu aliye peke yake aweke ndoo juu yake, ainame kidogo, ajitwike. Siku nne amekaa akiwatazama wanawake wakiinua maji, na kwa kila kimo cha kiuno anapiga fundo kwenye kamba.

"We fundi, unatupimia sanda?" mmoja alimtania. Wakacheka, wakatwikana, wakaenda zao.

Adhuhuri hapakubaki mtu kisimani. Siwema alinyoosha kamba. Chini ya mafundo yote palikuwa na fundo moja ambalo hakulipiga yeye, limelowa chapachapa. Bi Raha alikuwa mfupi.

Nyuma yake ndoo iliburuzwa kwenye saruji.

"Mwanangu, nitwike."

Siwema hakugeuka. Alikuwa amelikamata lile fundo, na maji yake yalikuwa yakimchuruzika hadi kiwikoni.