Mtangazaji Asiyenyamaza

Mtangazaji alipofungua mdomo tu, Mwalimu aliirukia redio, akazungusha kitufe cha sauti mpaka ikabaki kunong'ona. Akakohoa kwa nguvu, akaburuta kiti, akakohoa tena. Kisha akapiga magoti sakafuni, sikio limegandamana na redio, akasubiri tangazo la sabuni liishe. Alipopandisha sauti tena, polepole, kipande cha piano kilikuwa kimeshapita sehemu yake tamu kuliko zote.

Zamani kipindi hicho, Saa ya Piano, kilikuwa saa kweli. Mtangazaji wa enzi hizo, mzee mwenye sauti nzito, alikuwa akitaja jina la kipande, kisha anajiondokea, na muziki unapigwa mpaka nota ya mwisho. Alipostaafu wakaleta huyu wa sasa. Huyu hakuweza kukaa kimya. Aliyatamka majina ya watunzi kama mtu anayetafuna kitu cha moto. Aliwasalimu wachumba wa watu katikati ya sonata, akatoa matokeo ya mpira pale panapotakiwa utulivu, na vipande virefu akavikata kama kuni.

Mwalimu alikuwa amefundisha piano nusu ya watoto wa mtaa ule, mpaka wanafunzi wakapungua, wakaisha. Sasa kazi yake ilikuwa moja, kumuuguza mama yake, ambaye alikuwa hainuki tena kitandani. Daktari alikuwa ameonya kwamba moyo wa bibi yule umechoka, asipewe habari yoyote ya kumshtua. Kila alasiri muziki ulipoanza, Mwalimu aliyekuwa sebuleni alizisikia pumzi za mama yake zikitulia nyuma ya mlango. Muziki ulipokatika, kitanda kilianza kulia kwa jinsi alivyohangaika.

Jioni moja mama alimshika mkono, akalalamika kwamba siku hizi muziki unakatikakatika, hauna mwisho kama zamani. Akauliza kama kuna tatizo. Mwalimu akamwambia hakuna, avumilie kidogo tu, mambo yatakaa sawa.

Alipiga simu kituoni kutoka dukani mpaka mpokea simu akaizoea sauti yake, akawa anaikata kabla salamu hazijaisha. Mwenye duka alimwambia wazi kuwa anampigia mbuzi gitaa. Lakini mfa maji haachi kutapatapa. Mwalimu akavaa koti lake jeusi la maonyesho, lililokuwa limeanza kung'aa viwikoni kwa uchakavu, akaenda mwenyewe.

Mkuu wa vipindi hakuwa mtu mbaya. Alimpa kiti, akamsikiliza huku anatia sahihi karatasi zake. Akamweleza kwa upole kwamba wasikilizaji wamebadilika, kwamba hakuna mwenye subira ya kipande kizima siku hizi, na kwamba bila matangazo ya sabuni hata hicho kipindi chenyewe kingekuwa kimezikwa. Malalamiko kama yake, alisema, huletwa na wastaafu kila wiki. Kama anataka muziki usioguswa, basi anunue santuri.

"Santuri zimekwenda, bwana mkubwa," Mwalimu alisema. "Na gramafoni nayo imekwenda."

"Basi mzee wangu, vumilia maneno mawili matatu. Maneno hayaui."

"Nina mgonjwa nyumbani. Haya yatamuua."

Mkuu aliinua macho. Kabla hajajibu, Mwalimu alikuwa ameteleza kutoka kitini, magoti yako juu ya zulia, mikono imeshika ukingo wa meza kama mtu anayening'inia dirishani. Mkuu wa vipindi aliona haya, akazunguka meza kumwinua, akamfuta vumbi kwenye magoti. Papo hapo akamwita mtangazaji, akamwagiza mbele ya mgeni: kesho kipande kirefu, kizima, bila neno katikati. Mtangazaji akaitikia kwa heshima zote. Akampa Mwalimu mkono, akampa pole ya kuuguza.

Siku iliyofuata Mwalimu alifungua mlango wa chumba cha mama kidogo, apate kusikia vizuri. Akaacha utangulizi upite kwa mnong'ono, na nota ya kwanza ilipolia akapandisha sauti. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwa amethubutu kulifanya kwa muda mrefu: akaiacha redio, akaenda kukaa kitini upande wa pili wa sebule.

Kilikuwa kipande anachokijua vidoleni. Alifumba macho. Mikono yake ilikuwa ikitembea yenyewe juu ya mapaja. Kule chumbani kitanda kilikuwa kimya, pumzi zinakwenda sawasawa kama za mtoto aliyeshiba, na Mwalimu akahisi machozi yakimchuruzika, akayaacha.

Wakafika kwenye sehemu ya polepole.

"Na kipande hiki kitamu," sauti changamfu ikajaa nyumba nzima, "kinamwendea mzee wetu mmoja, mpenzi mkubwa wa piano, tunamwombea mgonjwa wake apone haraka!"

Mwalimu aliruka. Akajikwaa kwenye mguu wa kiti, akaanguka, akatambaa mpaka kwenye redio, akaizima kabisa. Alibaki pale chini anahema, hathubutu hata kukohoa.

Kisha sauti ya mama yake ikatoka chumbani, nyembamba lakini kali, kama ya siku zile alipokuwa akimsimamia mazoezi.

"Huyo mgeni wako hana adabu. Mtu haongei mwenzake akiwa anapiga. Mwambie atoke nje, halafu uanze tena, mwanangu, tangu mwanzo."

Mwalimu aliinuka, akasimama mbele ya ukuta mtupu, pale ilipokuwa piano kabla wanunuzi hawajaibeba.